Uvimbe wa ubongo: kinachoua ni kile kinachobaki

Mwaka 1928 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha taarifa fupi ya Walter Dandy, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Dandy alijua kutokana na kazi yake kwamba uvimbe unaotokana na seli za glia, zile zinazozitegemeza seli za neva, hurudi, hata ukatwe kwa uangalifu wa namna gani. Safari hii hakukata uvimbe peke yake. Aliondoa nusu nzima ya ubongo, upande wa kulia, kwa wagonjwa ambao maradhi yalikuwa yamekwisha kuwapoozesha mkono na mguu wa kushoto, kwa hiyo upasuaji usingewanyang'anya kiungo walichokuwa bado wanakitumia. Wapo walioamka wakizungumza, akili zao timamu. Halafu uvimbe ukarudi, ukaota katika nusu iliyobaki.

Kwa karibu miaka 100 taarifa hiyo imekuwa jibu la swali ambalo familia huuliza nje ya chumba cha upasuaji: kwa nini hamkuutoa wote? Daktari akisema ameutoa wote, hasemi uongo. Ametoa wote unaoonekana kwa jicho, kwa darubini ya upasuaji na kwa picha ya MRI. Lakini seli za uvimbe wa aina hii huwa zimeshasafiri moja moja, zikifuata nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine, kabla mgonjwa hajameza hata panadol ya kwanza. Kisu hakiwezi kuzifuata huko bila kuharibu usemi, mwendo na kumbukumbu za mtu.

Habari ya leo ni ya hizo seli zilizobaki. Kwa muda mrefu tiba ya saratani imepimwa kwa kile kilichoondoka: uvimbe ulikuwa wa sentimita sita, sasa ni wa sentimita mbili, picha ilikuwa na doa jeupe, sasa ni safi. Katika saratani ya ubongo kipimo hicho kimewapotosha madaktari, watengenezaji wa dawa na familia kwa pamoja, na utafiti wa miaka 20 iliyopita unaonyesha sababu.

Jina la maradhi yenyewe ni glioblastoma. Kati ya saratani kali zinazoanzia ndani ya ubongo wa mtu mzima, hii ndiyo inayoonekana zaidi, ingawa kwa jumla ni adimu: nchini Marekani, ambako takwimu hutunzwa vizuri, huwapata watu wapatao watatu katika kila 100,000 kwa mwaka. Kisababishi cha nje kilichothibitishwa bila shaka ni mionzi mikali iliyopita kichwani, kama ile ya matibabu ya utotoni, na familia chache hurithi kasoro za vinasaba zinazoongeza hatari. Waliobaki, ambao ndio wengi mno, hawakufanya jambo lolote linalojulikana kuileta. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wagonjwa na ndugu zao hujilaumu bure, na majirani huwasaidia kujilaumu.

Seneta Edward Kennedy wa Marekani aligunduliwa kuwa nayo Mei 2008, akafariki Agosti 25, 2009. Seneta John McCain aligunduliwa Julai 2017, akafariki siku ileile ya Agosti 25, mwaka 2018. Beau, mwana wa Joe Biden, alifariki Mei 2015. Hawa ni watu ambao hawakukosa daktari bingwa, dawa wala fedha.

Tiba inayotumika duniani hadi sasa ilipata sura yake mwaka 2005, pale Roger Stupp na wenzake walipochapisha matokeo ya utafiti wa wagonjwa 573. Wote walipata mionzi, jumla ya grei 60 iliyogawanywa katika dozi 30 kwa wiki sita. Nusu yao waliongezewa vidonge vya temozolomaidi, dawa ya kemo ambayo ina sifa adimu ya kuweza kupenya kutoka kwenye damu na kuingia ubongoni. Wastani wa kati wa maisha ulipanda kutoka miezi 12.1 hadi 14.6. Waliofikisha miaka miwili walikuwa asilimia 10.4 kwa mionzi peke yake, na asilimia 26.5 kwa mionzi na vidonge. Asione mtu kwamba ni kidogo. Katika ugonjwa huu, kutoka mmoja kati ya kumi hadi mmoja kati ya wanne lilikuwa jambo kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Lakini hata hao, wengi wao uvimbe uliwarudia, na mara nyingi uliota sentimita chache tu kutoka palepale ulipokatwa na kupigwa mionzi. Swali likawa: mionzi na kemo vinapopita katika eneo hilo, ni seli zipi zinazovumilia, na zinavumilia kwa njia gani?

Jibu lilianzia kwa seli zenye afya. Ngozi inayobanduka, damu inayozeeka, utando wa utumbo unaochakaa baada ya siku chache, vyote hujazwa upya na kundi dogo la seli zinazoishi muda mrefu. Hizo ndizo seli shina. Seli shina ikijigawa huweza kutoa nakala yake yenyewe, na pia seli nyingine itakayokomaa, ifanye kazi yake maalumu, kisha ife. Ubongo ulidhaniwa hauna utaratibu huo. Vizazi vya wanafunzi wa udaktari vilifundishwa kwamba seli za neva unazozaliwa nazo ndizo utakazozikwa nazo. Mwaka 1992 Brent Reynolds na Samuel Weiss wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walichukua seli kutoka ubongo wa panya aliyekwisha kukomaa, wakazilisha protini ya kukuza seli, na zikaanza kujigawa. Ziliunda vifundo vidogo vilivyoelea kwenye kimiminika, na kutoka humo zikapatikana seli za neva na seli za glia. Baadaye seli za namna hiyo zilionekana katika ubongo wa binadamu pia, kwenye kuta za vyumba vyenye maji vilivyo katikati yake.

Huko Toronto, John Dick naye alikuwa akishughulika na saratani ya damu. Katika tafiti za mwaka 1994 na 1997 yeye na wenzake walionyesha kwamba ukichukua seli za saratani hiyo kutoka kwa mgonjwa na kuzipandikiza kwa panya asiye na kinga, nyingi haziwezi kuanzisha ugonjwa upya. Zinazoweza ni chache sana, na zinafanana na seli shina za damu. Ikawa dhahiri kwamba saratani si umati wa seli zinazolingana. Ina ngazi yake, juu wachache wanaozaa, chini wengi wanaozaliwa.

Peter Dirks, daktari wa upasuaji wa ubongo wa watoto katika hospitali ya SickKids mjini humo, aliuliza kama uvimbe wa ubongo nao umepangwa hivyo. Mwanafunzi wake Sheila Singh, aliyekuwa akisomea upasuaji huohuo, aliifanya kazi yenyewe. Tishu zilizokatwa kwa wagonjwa zilipelekwa maabara, zikatenganishwa seli kwa seli, kisha zikagawanywa mafungu mawili kwa alama moja: protini iitwayo CD133, ambayo hukaa juu ya ngozi ya seli na ambayo ilikwisha kujulikana kwenye seli shina za damu na za ubongo wa mtoto aliye tumboni. Fungu moja lilikuwa na alama hiyo, jingine halikuwa nayo.

Matokeo waliyoyachapisha katika jarida la Nature mwaka 2004 yanastahili kusomwa polepole. Seli 100 tu zenye CD133, zikidungwa kwenye ubongo wa panya, zilitosha kuotesha uvimbe. Seli zisizo na alama hiyo zilidungwa kati ya 50,000 na 100,000, na uvimbe haukuota. Hazikuwa zimekufa, maana zilionekana zikiwa hai pale zilipodungwa. Zilikaa tu. Na uvimbe uliooteshwa na zile 100 haukuwa rundo la seli shina. Ulifanana na uvimbe wa mgonjwa mwenyewe, wenye ngazi zake zote, na seli zenye CD133 zilizotolewa humo ziliweza kuuanzisha tena kwa panya mwingine.

Tuseme daktari ametoa asilimia 99 ya uvimbe. Kwa kipimo cha zamani amefanya kazi nzuri, na kweli amefanya kazi nzuri: shinikizo ndani ya fuvu limepungua, kichwa kimeacha kuuma, mgonjwa anatembea. Lakini kama uwezo wa kuota upya umewekwa kwa seli mia chache, na hizo zipo kwenye ile asilimia moja, basi picha safi ya MRI haisemi lolote kuhusu kesho.

Mwaka 2006, kundi la Shideng Bao na Jeremy Rich wa Chuo Kikuu cha Duke, jimbo la North Carolina, lilionyesha kinachotokea mionzi inapopita. Mionzi huua kwa kukata uzi wa DNA. Seli inayojigawa ikiwa na uzi uliokatika huishia kufa, na hiyo ndiyo hesabu nzima ya tiba ya mionzi. Seli zenye CD133 ziliupata mkato uleule, lakini zilikuwa hodari zaidi wa kuamsha protini zinazosimamisha mgawanyiko hadi ukarabati ukamilike, hasa mbili zinazoitwa Chk1 na Chk2. Zilisimama, zikajitengeneza, zikaendelea. Baada ya mionzi, fungu lao ndani ya uvimbe lilikuwa limeongezeka mara kadhaa. Watafiti walipozizuia protini hizo kwa dawa, seli zilipoteza ubishi wake zikaanza kufa kama nyingine. Kwa hiyo mionzi inapunguza uvimbe na papo hapo inachambua, ikiondoa dhaifu na kuacha zile zinazojua kujitengeneza.

Kemo nayo ina mwanya wake. Mwaka 2012 kundi la Luis Parada mjini Dallas, jimbo la Texas, lilitumia panya waliobadilishwa vinasaba ili seli zinazofanana na seli shina ndani ya uvimbe zing'ae rangi ya kijani chini ya darubini. Panya walipewa temozolomaidi. Seli zilizokuwa zikijigawa kwa kasi zilikufa, uvimbe ukasimama. Zile za kijani hazikuwa na haraka. Nyingi zilikuwa zimetulia bila kujigawa, na dawa inayowinda seli zinazojigawa ilizipita. Dozi ilipokwisha, ndizo zilizoanza tena, na kutoka kwao ukatokea umati mpya. Watafiti walipoziua seli hizo kwa njia nyingine waliyokuwa wameitega ndani ya vinasaba vya panya, sambamba na temozolomaidi, uvimbe ulizuiwa kuendelea.

Lipo pia jambo la jeni ya MGMT, ambalo kila familia inapaswa kulijua kwa sababu hupimwa hospitalini. Temozolomaidi hufanya kazi kwa kubandika kipande kidogo cha kemikali kwenye DNA ya seli. Protini inayotokana na MGMT hukibandua. Kwa wagonjwa wengine jeni hiyo imezimwa ndani ya uvimbe, na kwao dawa hufaidisha zaidi: mwaka 2005 Monika Hegi na wenzake walikuta wastani wa kati wa miezi 21.7 kwa waliopata mionzi na temozolomaidi huku jeni imezimwa, dhidi ya miezi 15.3 kwa wenye jeni iliyozimwa vilevile waliopangiwa kuanza na mionzi peke yake. Ni haki ya mgonjwa kuuliza kama kipimo hicho kimefanywa na jibu lilikuwa nini.

Mkulima aliyewahi kupambana na ndago shambani anaielewa nusu ya habari hii bila kufundishwa: unafyeka majani asubuhi, shamba linapendeza, na chini ya udongo viazi vyake vidogo havijaguswa. Hakuna anayepima ushindi dhidi ya ndago kwa kutazama juu ya ardhi. Hata hivyo, kwa glioblastoma, dunia ya tiba ilitumia miaka na fedha nyingi kufanya hivyohivyo.

Mfano ulio wazi ni bevasizumabu, dawa inayozuia uvimbe kujiotea mishipa mipya ya damu. Mantiki yake ilikuwa nzuri. Seli shina za uvimbe huishi zimejibanza kando ya mishipa midogo ya damu, kama kundi la Richard Gilbertson lilivyoonyesha mwaka 2007, kwa hiyo kuivuruga mishipa kungezinyima makao. Dawa ilipotumika, picha zilipendeza haraka. Doa jeupe lilififia, uvimbe wa maji ulipungua, wagonjwa wengine walipata nafuu ya kweli. Mwaka 2014 matokeo ya tafiti mbili kubwa yalichapishwa pamoja. Katika mmojawapo, muda wa kukaa bila uvimbe kuonekana kuendelea ulirefuka kutoka miezi 6.2 hadi 10.6. Muda wa kuishi ulikuwa miezi 16.8 kwa waliopata dawa na 16.7 kwa wasioipata. Miezi minne ya picha nzuri, na maisha hayakurefuka kwa kiasi chochote cha maana. Dawa hiyo bado ina kazi yake, hasa ya kupunguza maji na kumwepusha mgonjwa na dozi kubwa za steroidi. Lakini mtu akiniuliza ni takwimu gani moja aikumbuke kuhusu saratani hii, nitampa hiyo.

Sasa nije kwenye nusu ya pili, ambapo mfano wa ndago unakoma kufaa. Jani la ndago haligeuki kiazi. Seli za glioblastoma hugeuka.

Haikuchukua miaka mingi baada ya 2004 kabla maabara nyingine kuripoti seli zisizo na CD133 zilizoweza kuotesha uvimbe. Mwaka 2008 watafiti wa Michigan wanaochunguza melanoma, saratani ya ngozi, walitumia panya mwenye kinga dhaifu zaidi na kukuta kwamba karibu seli moja kati ya nne iliweza kuanzisha uvimbe. Ule uadimu uliodhaniwa ulitegemea panya aliyechaguliwa. Wapo waliosema kwamba nadharia nzima ya seli shina za saratani imekufa. Haikufa, ila ilibidi ikue. Teknolojia ya kusoma jeni za seli moja moja ilipofika, kundi la Mario Suvà wa Boston na wenzake lilichapisha mwaka 2019 ramani ya glioblastoma: seli zake huwa katika hali nne kuu. Nyingine hufanana na seli changa za neva, nyingine na seli changa zinazotengeneza utando wa neva, nyingine na glia zenye umbo la nyota, na nyingine huchukua tabia za tishu iliyojeruhiwa. Kikubwa ni kwamba seli huweza kutoka hali moja ikaingia nyingine. Walipochukua seli za hali moja tu na kuzipandikiza kwa panya, uvimbe ulioota ulikuwa na hali zote.

Kwa maoni yangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika utafiti huu, na ndilo linaloachwa mara nyingi habari zinapoandikwa magazetini. Kuwa seli shina ndani ya glioblastoma ni hali ambayo seli nyingi zinaweza kuiingia zikibanwa. Ukosefu wa oksijeni unaisukuma seli huko. Mionzi inaweza kuisukuma huko. Dawa inayolenga alama moja, hata iue kila seli yenye alama hiyo leo, itakuta kesho nyingine zimeivaa. Mtu akitangaza kwamba amepata kidonge kinachoua seli shina za saratani na kwamba kazi imekwisha, msomaji amwulize: na zile zitakazogeuka?

Ubongo wenyewe pia unazisaidia. Mwaka 2015 kundi la Frank Winkler wa Heidelberg, Ujerumani, lilionyesha kwamba seli za uvimbe huu hunyoosha mirija myembamba na kuunganishwa nayo katika mtandao. Seli moja ikijeruhiwa na mionzi, zilizounganishwa nayo hugawana mzigo, na zilizo ndani ya mtandao huvumilia zaidi kuliko zilizo peke yake. Mwaka 2019 kundi hilo pamoja na la Michelle Monje wa Stanford walionyesha kwamba seli za neva zenye afya huungana na seli za uvimbe kama zinavyoungana zenyewe kwa zenyewe, na mishtuko yao ya umeme huchochea uvimbe kukua. Mwaka uliotangulia, watafiti wa Korea Kusini walikuwa wamechunguza tishu za kuta za vyumba vya maji, mbali na uvimbe, sehemu ambazo kwenye MRI zilionekana hazina ugonjwa. Kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuta humo seli zilizokwisha kubeba baadhi ya mabadiliko ya vinasaba yaliyo katika uvimbe. Ukisoma taarifa ya Dandy baada ya kusoma hiyo, huwezi kumlaumu kwa lolote.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu biashara. Jina la seli shina linauza. Mitandaoni, kwetu pia, kuna poda na vidonge vinavyotangazwa kuwa vinaamsha au kuongeza seli shina mwilini na kuponya kila kitu, saratani ikiwemo. Hakuna hata kimoja kilichothibitishwa kutibu uvimbe wa ubongo. Zipo pia kliniki za nje zinazodunga seli shina kwa malipo makubwa, na huko hatari si ya kupoteza fedha tu. Mwaka 2009 madaktari wa Israeli waliandika habari ya mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi wa neva ambaye familia yake ilimpeleka Moscow kudungwa seli shina zilizotoka kwa vijusi. Miaka michache baadaye alikutwa na uvimbe kwenye ubongo na kwenye uti wa mgongo, na vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba uvimbe haukutokana na seli zake mwenyewe. Ulitokana na zile alizodungwa. Tiba halali za seli shina zipo, kupandikiza uboho kwa magonjwa ya damu ni mojawapo, nazo hufanywa katika hospitali zinazofahamika, kwa ugonjwa unaofahamika.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna mambo mawili ya karibu zaidi kuliko maabara za Toronto. La kwanza ni dalili. Kichwa kinachouma zaidi alfajiri pamoja na kutapika, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mtu mpole anayebadilika tabia ndani ya wiki chache, na zaidi ya yote degedege la kwanza kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Nyumba nyingi huanza na maombi au mganga, na miezi hupita. Sidharau faraja ya maombi. Ila degedege linaloanzia ukubwani linahitaji picha ya kichwa, maana uvimbe mwingi wa ubongo si glioblastoma. Meninjioma, ambayo hutokana na utando unaofunika ubongo, ndiyo ya kawaida zaidi kati ya zinazoanzia humohumo kichwani, kwa kawaida haina ukali wa saratani, na wengi hupona kwa upasuaji. Kuchelewa kunamnyima uzima mtu ambaye angeupata.

La pili ni wiki sita. Mgonjwa anayetoka Kigoma kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hawezi kurudi nyumbani kati ya dozi moja na nyingine, wala ndugu anayemsindikiza hawezi. Kodi ya chumba na chakula humaliza akiba kabla mionzi haijakwisha, na tiba iliyokatishwa njiani ni tiba mbaya. Kwa wazee kuna njia iliyothibitishwa: mwaka 2017 utafiti wa watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi ulionyesha kwamba grei 40 katika dozi 15, yaani wiki tatu, pamoja na temozolomaidi, iliwapa maisha marefu kuliko mionzi hiyo bila dawa, miezi 9.3 dhidi ya 7.6. Familia yenye mzazi wa umri huo inaweza kuliuliza hili mapema, kabla ya kupanga safari.

Na tiba mpya? Zinazovuta macho zaidi ni zile zinazotumia askari wa mwili. Seli za kinga za mgonjwa hutolewa, hubadilishwa vinasaba ili zitambue alama fulani ya uvimbe, kisha hurudishwa, mara nyingine moja kwa moja kwenye maji ya ubongo ili zisikwame kwenye kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Mwaka 2016 hospitali ya City of Hope, California, iliripoti mgonjwa ambaye uvimbe wake wote, hata ule uliokuwa umesambaa hadi uti wa mgongo, ulitoweka. Alikaa hivyo miezi saba na nusu. Kisha ulirudi, mahali papya, na vipimo vya awali viliashiria kwamba uliorudi ulikuwa na kiasi kidogo cha ile alama iliyokuwa ikilengwa. Mwaka 2024 madaktari wa Boston na wa Philadelphia waliripoti uvimbe ukisinyaa ndani ya siku chache baada ya dozi za seli za aina hiyo, kwa wagonjwa wachache, na kwa baadhi yao ukaanza tena kukua. Ni habari za kutia moyo na wenyewe waliziandika kwa tahadhari.

Sheila Singh, yule mwanafunzi wa 2004, siku hizi anaongoza maabara katika Chuo Kikuu cha McMaster, Hamilton, Kanada. Mwaka 2024 yeye na Jason Moffat wa SickKids walichapisha kazi ambayo inaligeuza swali lenyewe. Walichukua seli za glioblastoma za mgonjwa kabla ya mionzi na kemo, wakachukua na seli za mgonjwa huyohuyo uvimbe uliporudi, kisha wakazima jeni moja baada ya nyingine katika kila fungu kuona ni ipi seli haiwezi kuishi bila hiyo. Mafungu hayo mawili hayakutegemea vitu vilevile. Uvimbe uliorudi ulikuwa umeshikilia njia ambayo kwa kawaida huongoza nyuzi za neva wakati ubongo unajengwa, na seli za kinga walizozitengeneza kulenga protini moja ya njia hiyo, ROBO1, zilirefusha maisha ya panya waliopandikizwa uvimbe wa aina hiyo. Dawa nyingi zilizoshindwa zilikuwa zimejaribiwa maabara kwa tishu za upasuaji wa kwanza, kwa sababu ndizo zinazopatikana.

Tishu za uvimbe uliorudi ni adimu, maana wagonjwa wengi wakati huo huwa wamedhoofu na hawapasuliwi mara ya pili. Ndiyo maana vituo vichache vya Ulaya na Amerika Kaskazini sasa huzungumza na mgonjwa angali na nguvu zake, kumwomba idhini ya ubongo wake kuchukuliwa saa chache baada ya kufariki. Zipo familia zinazokubali.